Glavu ya Mjomba

Glavu ya kudakia mpira ya mtoto wa madam inanuka ngozi na mafuta. Kila ninapoipangusa vumbi hapa Mirdif, Uarabuni ninakofanya kazi za ndani, narudi uani kwetu Uganda, siku mjomba alipokuja likizo. Kazi yake huko ng'ambo ilikuwa kurusha mpira wa besiboli, basi.

Nilipiga magoti kumwamkia, kama wasichana wote wa kwetu. Akanivalisha glavu yake.

"Baki hivyo hivyo. Usisogeze mkono, wala usifumbe macho."

Akarudi nyuma hadi kwenye migomba. Mama akapiga kelele kutoka jikoni, "Utaniulia mtoto!"

Mjomba akainua mguu, mwili mzima ukajikunja, mkono ukafyatuka. Mpira sikuuona. Niliusikia ukivuma, halafu glavu ikalia pah! Ulikuwa umetua kiganjani mwangu, nami sikuwa nimesogea hata kidogo.

Akaja mbio, akapiga magoti mbele yangu, mtu mzima yule, akakipuliza kiganja changu.

"Umedaka," akasema.

"Unafanya nini hapo chini?" madam ameuliza sasa hivi, akiwa mlangoni.

"Nasafisha sakafu, madam."

Nimepiga magoti kwenye vigae, glavu mkononi, macho wazi.