Noeli Mbele ya Mlango wa Himbi

Mwaka wa 2022 ulipokaribia mwisho, Mama Anastasie wa Kalembe, kijiji cha milimani mashariki ya Kongo, alikuwa na wazo moja tu kichwani: Papa Apollinaire, mume wake, awaone watoto wao wawili pamoja kabla hajafa. Kifua cha mzee kilikuwa kimechoka. Akipanda kutoka mtoni, alisimama mara kwa mara kushika mti wa uzio, na mke wake alijifanya hamuoni, kwa sababu Apollinaire hakupenda kuhurumiwa.

Watoto walikuwa mbali. Guylain, mkubwa, alikuwa anabeba mizigo msituni Walikale, upande wa machimbo ya Bisie. Sidonie aliolewa Butembo na mfanyabiashara mwenye duka la vitenge. Tangu arusi yake hawajawahi kukaa wote wanne kwenye meza moja. Na kuja Kalembe hakukuwezekana. Vijana walikuwa wanakamatwa njiani, leo na kundi hili la wapiganaji, kesho na lile, wabebe risasi ao washike bunduki. Guylain alikuwa amesema wazi kwa simu: "Mama, nikikanyaga kule sitarudia."

Ni Sidonie aliyeleta wazo la Goma.

"Siku hizi banapangisha nyumba ya siku kidogo," alimwambia mama yake. "Na vitanda, na masufuria, kila kitu iko ndani. Tutafanya Noeli pamoja, kisha kila mutu arudie kwake. Nimeona moja ku Facebook, iko Himbi, karibu na ziwa."

Anastasie alipanda kilima cha juu ya soko, mahali pekee simu iliposhika vizuri, akangoja picha zifunguke. Zilifunguka polepole: mlango mkubwa wa chuma wa rangi ya buluu, maua mekundu juu ya ukuta, chumba chenye kitanda kipana na neti nyeupe. Alishuka mbio kumwonyesha mume wake. Apollinaire aliishika simu mbali na macho. Alipokuwa kijana alisomea ukatekista Goma, na kila Jumapili walienda kuoga ziwani.

"Kutoka hapo tunaweza kusikia maji?" aliuliza.

"Tutasikia," Anastasie akamjibu, kana kwamba nyumba ni yake.

Mwenye kuipangisha alijiita Papa Hubert, komisioneri, yaani dalali wa nyumba. Sidonie alimpa namba ya mama yake ili wapatane siku ya kufika, na mtu huyo alipopiga, alimsalimia Anastasie kwa kihunde, lugha ya kwao. Aliuliza habari za mvua ya Kalembe, za maharage, za ugonjwa wa mzee. Alisema mama yake mzazi alitoka Nyabiondo. Alituma hata picha ya kadi yake ya mpiga kura. Anastasie, aliyezoea kudharauliwa na watu wa mjini, aliona moyo wake ukifunguka.

Sidonie alikuwa na wasiwasi. "Mama, usitume kitu. Shemeji yangu anatoka Uganda na mizigo, atapita Goma. Aende kwanza kuona ile nyumba na macho yake, aingie ndani, azungumuze na majirani. Tukishajua, tutalipa."

"Sawa," mama yake akasema.

Lakini kesho yake Hubert alipiga tena, na sauti yake ilikuwa na haraka. "Mama Anastasie, niko na familia ya Bukavu hapa mbele yangu, franga iko mukononi. Miye njo ninakataa juu yako. Nilisema hii nyumba iko ya mama yangu wa Kalembe. Lakini bailleur, mwenye nyumba, anakasirika. Unitumie sasa hivi, ao niache bachukue?"

Anastasie alisimama kilimani, upepo ukimpiga masikioni. Pesa alizotuma Guylain zilikuwa tayari kwenye simu. Alijaribu kumpata Sidonie, hakupatikana. Alimwona Apollinaire chini kule, mdogo kabisa, ameketi juani mbele ya nyumba. Akatuma.

Jioni ile Hubert akataka garantie, pesa ya dhamana kwa ajili ya vyombo. Anastasie akauza mbuzi.

Sidonie alipoambiwa akauliza, "Mama, juu ya nini haukungoya?"

"Alikuwa anazungumuza kihunde, Sido."

"Kihunde kila mutu anaweza kujifunza."

"Usinitie woga. Wewe njo uliileta ile nyumba." Basi Sidonie hakusema tena, na shemeji hakutumwa kokote. Mama na binti, kila mmoja mahali pake, waliamua kuamini. Walikuwa wamechoka kuogopa.

Safari yenyewe ilikuwa kazi. Njia ya Rutshuru ilikuwa imefungwa na vita, kwa hiyo Sidonie alizungukia Uganda na kuingia Goma kupitia Rwanda. Guylain alipanda pikipiki kutoka Walikale, akalala njiani, akapita Masisi akiwa amejaa matope mpaka nyusi. Wazazi waliteremka na Fuso ya mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akipeleka maharage. Mzee aliketi mbele pamoja na dereva, Anastasie juu ya magunia, amekumbatia kuku wawili wa Noeli. Kwenye kila kizuizi alisali asiulizwe anaenda wapi, kwa sababu jibu lilikuwa zuri mno na alihofia litanyang'anywa.

Walikutana mbele ya ule mlango wa buluu. Maua yalikuwa pale juu ya ukuta, kama kwenye picha. Guylain alimbeba mama yake juu, akamzungusha, kuku wakapiga kelele. Sidonie alikuwa amepiga magoti mbele ya baba yake aliyeketi juu ya jiwe, kichwa kwenye mapaja yake. Kwa muda ule mfupi mambo yalikuwa kama walivyoyapanga.

Kisha Guylain akagonga. Zamu, mlinzi wa nyumba, mtu mzima aliyeitwa Mbonigaba, akafungua kidirisha.

"Tulishalipa nyumba," Guylain akasema. "Tunatoka mbali. Utufungulie."

Zamu aliwatazama mmoja mmoja: mzee, mizigo, kuku. "Ya Hubert?" akauliza.

"Ndiyo, Papa Hubert!" Anastasie akajibu kwa furaha.

"Hata ninyi," akasema zamu, na akafunga kidirisha ili aende kumwita mwenye nyumba.

Ni wakati huo Guylain alipoona maandishi ukutani, yamepigwa rangi nyekundu nyuma ya maua: NYUMBA HII HAIPANGISHWE. Namba ya Hubert ilikuwa imezimwa. Sidonie alijaribu, akajaribu tena, mpaka kaka yake akamwambia aache.

Mwenye nyumba, Mama Mukandori, alitoka akiwa amevaa nguo za kanisani. Aliongea kwa upole, lakini Anastasie alisikia tu lafudhi ya kinyarwanda, na hasira ya miaka yote ya vita kati ya watu wake na wasema lugha hiyo ikampanda.

"Mulikamata mashamba yetu," alisema. "Sasa na franga yetu?"

Mbonigaba alitazama chini. Mama Mukandori alivuta pumzi.

"Mama, miye nilizaliwa Mweso, karibu na kwenu," alisema. "Shamba yangu nayo ilibaki kule. Hii nyumba, nilikuwa ninapangisha kwa bageni ba kweli, zamani. Mumoja wao alipiga picha, sijui nani. Sasa kila juma batu banakuya hapa kulia. Wiki iliyopita alikuya bibi mwenye mimba. Unafikiri ninafurahi?"

Guylain alimgeukia dada yake.

"Wewe unakaa muji mukubwa, uko na bwana mufanyabiashara, unajua mambo ya internet. Na unaacha mwizi akule jasho yangu? Unajua ninabeba nini kule porini? Unajua batu bangapi banaanguka na mizigo mugongoni?"

Sidonie alilia bila kujitetea. Angeweza kusema alichomwambia mama yake, hakukisema.

"Guylain," Anastasie akaita. "Dada yako alinikataza. Njo miye nilituma. Alisema ningoye, sikungoya."

Guylain alimtazama mama yake, mdomo wazi. Mama hapigiwi kelele. Uso wake ukageuka kuwa wa mtu asiyejulikana. Alienda kusimama ng'ambo ya barabara, akiwapa mgongo.

Apollinaire alikuwa ameketi muda wote huo juu ya jiwe jeusi la volkano, kofia mkononi. "Nilitaka kuona batoto yangu," alisema, kwa sauti ambayo kikohozi kiliikata. "Guylain, ugeuke. Uje karibu na dada yako, niwaone."

Guylain hakugeuka. Labda hakusikia, pikipiki zilikuwa zinapita.

Mama Mukandori ndiye aliyefungua mlango. Vyumba vyote vilikuwa vimejaa ndugu zake waliokimbia Rutshuru, wamelala mpaka jikoni, lakini aliwapa barza ya nyuma na magodoro mawili. Alimletea mzee uji. Kule polisi, walikoenda kesho yake, afisa aliitazama ile kadi ya mpiga kura kwenye simu na kusema kadi hiyo wanaijua: mwenyewe ni mkimbizi wa kambini aliyeibiwa mkoba. Aliwaambia wapige tena kama wakisikia kitu.

Guylain aliondoka kabla ya Noeli. Alisema kazi haimngoji. Alimshika baba yake mkono, akamshika mama yake mkono, akampita Sidonie. Usiku wa Noeli haukuwa na wimbo. Kuku mmoja aliliwa pamoja na watu wa nyumba ile, na mwingine Anastasie alimwachia Mama Mukandori. Hakuwa na kitu kingine cha kumwombea msamaha. Mama Mukandori alimpokea yule kuku kwa mikono miwili, akasema aksanti, wakaachana hivyo. Na kutoka barzani, kwa sababu ya magari na jenereta za majirani, maji ya ziwa hayakusikika.

Walirudi Kalembe kwa shida. Mwezi wa kwanza vita vikafika Kitshanga, barabara ikafungwa nyuma yao, na Apollinaire hakuamka tena kitandani. Alikufa asubuhi, Anastasie akimlisha mchuzi. Sidonie hakuweza kufika. Guylain alifika, kwa miguu, kupitia Pinga, pamoja na ule woga wake wote wa kukamatwa. Alichimba kaburi pamoja na majirani, hakumwachia mtu mwingine chepe. Ilipokwisha, alipanda kilima na simu ya mama yake. Anastasie alimwona kutoka chini, amechutama, simu sikioni, akizungumza na Butembo kwa muda mrefu. Aliposhuka macho yalikuwa mekundu.

"Ulimwambia nini?" mama akauliza.

"Nilimweleza Papa alivyofunikwa. Alitaka kujua kila kitu."

"Na ile ya Goma? Ulimuomba musamaha?"

"Ile haikutoka mudomoni," Guylain akasema. Kesho yake alirudi msituni.

Vita viliposogea zaidi, watu wa Kalembe walianza kutafuta nyumba mbali, na makomisioneri wa simu wakaongezeka kama inzi. Siku moja Blandine, jirani mwenye watoto wadogo, alimwendea Anastasie na uso uliojaa nuru. Alikuwa amepata chumba Goma, bei ya chini, picha nzuri. Alibakiza kutuma pesa tu.

Anastasie aliliacha jembe. "Twende kilimani," alisema. "Miye nitazungumuza naye."

Sauti iliyopokea haikuwa ya Hubert, lakini ilikuwa tamu vilevile.

"Papa, uko karibu na ile nyumba?" Anastasie akauliza.

"Kabisa, Mama. Niko ndani ya parsele, mu kiwanja yenyewe."

"Basi tuzungumuze kwa video. Utuonyeshe mulango, kisha umwite jirani mumoja tumusalimie."

"Réseau ya simu iko mubaya, Mama."

"Hakuna shida. Niko na mutu Goma, anaitwa Mama Mukandori. Umwambie avenue na namba ya nyumba, atafika leo. Akishaingia ndani na kuona mwenye nyumba, tutalipa saa ileile."

"Mama, kuna batu bengine hapa banataka hii chumba. Mukichelewa..."

"Bachukue," Anastasie akasema.

Simu ikakatwa. Blandine alipiga tena, haikuita. Alimgeukia Anastasie, na hakuwa na shukrani. "Labda ilikuwa ya kweli!" alipaza sauti. "Labda umemukasirisha! Sasa nitalalisha batoto wapi?"

Anastasie alijua tumaini linavyouma likitolewa, hata likiwa la uongo. Alimshika mkono tu, na Blandine akauacha mkono ule pale, huku akilia na kutukana.

Kabla juma halijaisha, risasi zilisikika upande wa Mweso, na Blandine akaondoka na watoto kuelekea Buleusa, godoro kichwani, pesa zake zimefungwa ndani ya kitenge tumboni. Hakukuwa na nyumba iliyomngoja, ila shangazi wa mume wake ambaye hawajaonana miaka mingi. Anastasie aliwasindikiza mpaka kwenye daraja. Blandine alisema, "Uje nawe, Mama." Anastasie akasema atakuja baadaye, maharage yamekaribia kukauka. Akasimama pale mpaka godoro lilipopotea kwenye mzunguko wa barabara, kisha akarudi shambani peke yake.