Mama kamwamkia mpiga piano wa kwenye simu

Jamani, leo mama kamsalimia mtu wa kwenye video!

Mnajua mimi napiga kinanda kwaya ya hapa Majengo. Kuna mzee mmoja wa piano, wa huko Ulaya, ninayemzimia kweli. Huwa hapendi kuhojiwa. Leo nimepata video anaongea, nikakimbilia jikoni kumwonyesha mama.

Mzee alipotokea tu, mama akaweka chini ungo wa ulezi. Akachuchumaa, akapiga makofi taratibu, vile sisi Wafipa tunavyoamkia wakubwa.

Chekeni tu, hata mimi nilicheka.

"Mama, huyo hakuoni!"

"Kwani mimi simwoni?"

Miaka yote naiga vidole vya yule mzee, shikamoo sijawahi kumpa.

Nikarudisha video mwanzo.

Tukachuchumaa wawili.