Siku Sista Alipowatoa Wote Nje

Kaka yangu tulimfikisha hospitalini asubuhi, mikono imefungwa kwa kanga ya mama. Duara, shimo la dhahabu walilokuwa wakichimba kule Mwakitolyo, liliporomoka likamfukia mwenzake, yeye akatoka mzima. Mzima kwa macho tu. Tangu arudi nyumbani alikuwa halali, na mara nyingi tulimkuta amelala kifudifudi uani, sikio kaliweka chini, anasikiliza.

Kwenye wodi ya wagonjwa wa akili tuliingia sote: mama, baba mdogo na mimi. Sista alikuwa peke yake zamu ile. Mgonjwa mmoja alikuwa anaimba koridoni, mwingine anagonga mlango anataka sigara. Sista akamfungua kaka ile kanga, akaikunja, akamrudishia mama. Kisha akavuta kiti.

"Mwangaluka," alimsalimia kaka kwa Kisukuma.

"Mwangaluka," akajibu baba mdogo.

"Unalala vizuri?"

"Halali kabisa huyo," akasema baba mdogo.

"Na chakula?"

"Uji tu, tena wa kulazimishwa."

"Baba, tukiendelea hivi nitakulaza wewe."

Mama alicheka kidogo, halafu akajifuta uso kama aliyekosea. Baba mdogo hakucheka.

"Sista, huyu hana la kukwambia. Katolewa kafara, watu wamepata dhahabu yao. Wewe mchome sindano atulie. Jioni nampeleka kwa nfumu, ng'ambo ya Kahama. Wenye gari nimeshaongea nao."

Huyo nfumu, mganga, sote tulimjua. Wagonjwa wake anawafunga mnyororo mguuni, wengine wanarudi na vidonda mpaka mfupani.

"Sindano nitamchoma," sista akasema. "Lakini nitamchomaje mtu nisiyemjua? Nataka nijue kazini kulikuwaje, anasali wapi, anamwogopa nani, nyumbani anaongea na nani. Mama, baba, naomba mnisubiri kwenye benchi. Huyu binti abaki."

"Huyu?" Baba mdogo alinishangaa. "Huyu hata shikamoo anaitoa kwa shida!"

"Ndiyo maana nataka yeye."

Wakatoka. Nilitamani kuwafuata. Mimi hata darasani mwalimu akiniuliza, jibu ninalo lakini mdomo unagoma.

Sista alimpa kaka maji, kisha yeye akakaa tu akisubiri. Hakumharakisha, ingawa mlango uligongwa tena na tena. Mwishowe kaka akasema, "Bado anagonga."

"Nani?"

"Mwenzangu. Anagonga na sururu. Hajafa yule."

Nilidhani sista atamwambia si kweli. Akamuuliza, "Ukimsikia anagonga, wewe unataka kufanya nini?"

Kaka akanitazama mimi. Sista akaliona hilo.

"Mdogo wangu, kuna kitu umekiona nyumbani?"

Kilikuwepo. Na kaka alikuwa ameniomba nisimwambie mtu yeyote, mama hasa. Lakini nikinyamaza, jioni anaondoka na baba mdogo, na huko hakuna mtu wa kujua. Nikasema nikitazama sakafu.

"Alikuwa anataka kujiua. Ghalani. Nilimkuta na kamba."

"Siku zote bubu," kaka akasema polepole. "Leo ndiyo umepata mdomo?"

Sista hakumgombeza. Alimwomba mkanda wa suruali, akamwambia kabisa kwa nini anauchukua. Akamwita mhudumu aweke kitanda karibu na meza yake. Kisha akatoka kuwaambia wale wawili kwamba mgonjwa haondoki, na sababu yake.

Nilimsikia baba mdogo akifoka kwamba tunamwachia mtoto wa watu afie hospitalini. Mama sikumsikia. Nilipochungulia alikuwa ameteremka kwenye benchi, kakaa chini kwenye sakafu, miguu kainyoosha kama watu wanavyokaa msibani. Aliniona.

"Ulijua?"

"Nilijua, mama."

Baba mdogo aliondoka bila kutuaga.

Kaka alichomwa sindano, akalala mchana ule mdomo wazi, usingizi ambao hatujauona kwake tangu arudi. Nilikaa pembeni ya kitanda. Sista alipita akaniambia niende nikale. Sikwenda. Niliogopa ataamka asinikute, na niliogopa vilevile ataamka anikute.