Yeslam na Gemu la Kreni

Yeslam aliendesha kreni bandarini Kilindini miaka ishirini na saba, na mgongo ulipomstaafisha alirudi Mji wa Kale na dharau yake yote. Kazini alikuwa na watu wengi wa kuwagawia: makarani waliosoma namba za makontena kinyumenyume, madereva wa malori wasiojua kurudi nyuma. Nyumbani palikuwa na mkewe Mona tu, na Mona si mtu wa kudharauliwa.

Binti yao Rahaf, aliyeolewa Malindi, alimhurumia. Alimwachia laptopu yake kuukuu ya chuoni, ndani yake amemwekea gemu la kuendesha kreni za bandarini. Gemu lilifunguka, lakini picha zikawa zinakwama. Kontena lilining'inia angani kama picha ya ukutani, kisha ukiangalia tena liko ndani ya maji. Yeslam hakuangusha kontena hata moja maishani mwake, basi kosa lilikuwa la mashine.

Nduguye Mona, Zaid, ana duka la kompyuta mjini, la vioo vitupu na kiyoyozi. Yeslam hakumpenda tangu siku ya harusi, lakini Mona alishikilia kwamba mtu wa nyumbani yupo, ya nini kwenda kwa wageni. Zaid alieleza kwamba kinachotakikana ni kuongeza grafiki, yaani kile kidude kinachochora picha kwenye kioo, na kwamba kwake hilo ni jambo dogo. Alikaa na laptopu siku tisa. Iliporudi ilikuwa na kibandiko chekundu chenye joka, na kontena likazama vilevile.

Yeslam alilibandua joka kwa ukucha, akaitia laptopu mkobani na kwenda kwa Shifa. Huyu ni fundi wa kompyuta, mwanamke wa miaka thelathini hivi, karakana yake ni chumba kimoja chini ya nyumba ya bibi yake, hana kioo wala kiyoyozi. Alifungua mashine palepale, Yeslam akiangalia.

"Ami, hapa hakuna kilichoongezwa ila memori kidogo," alisema. "Na hicho cha kuchora picha hakibadilishwi. Kimelehemiwa kwenye bodi tangu kiwandani. Aliyekwambia atakibadilisha ama hajui kazi, ama aijua vizuri mno."

Yeslam alimpenda tangu hapo. Akamuuliza kama ndio mwisho wa safari. Shifa akasema njia iko, ila ni mbaya kwa sura: aitoe kadi ya wifi, apitishe waya kwenye tundu lake, auunganishe na kadi kubwa ya grafiki ya kompyuta ya mezani, nayo ikae nje na umeme wake mwenyewe. Picha itaonekana kwenye televisheni.

Siku ya tatu alikuja kuifunga mwenyewe. Ilikaa kwenye meza ya kulia, haina kifuniko cha chini, waya umetoka tumboni, na kando yake kadi yenye feni mbili zinazovuma. Mona aliizunguka mara moja, akauliza kama na hiyo itapakuliwa.

Picha zilikwenda laini, na hapo ndipo Yeslam alipoliona gemu lenyewe kwa mara ya kwanza. Upepo wa kusi haukuvuma. Kontena lilishuka wima kama ndoo kisimani, na malori yalisimama kwenye mstari bila kutukanwa na mtu. Alimwambia Shifa kwamba aliyelitengeneza hajapanda hata ngazi ya kupakia chokaa. Shifa akacheka, akaaga.

Ijumaa Zaid alikuja kula. Alipoona televisheni alitabasamu, akasema si alimwambia shemeji, grafiki ikiongezwa mambo yanakwenda. Yeslam alimvutia kiti, akampa usukani. Kwa robo saa Zaid aliangusha makontena sita, huku akicheka, na la sita likaanguka juu ya kichwa cha lori.

"Ndani ya lori lile mna mtu," Yeslam alisema.

"Hamna, shemeji. Limechorwa tu."

"Kwako wewe huwa hamna."

Zaid alimtazama Mona, aliyekuwa ameshika sinia mlangoni. Mona alijua habari za Kadenge, kibarua wa bandarini aliyekuwa akifunga minyororo chini siku dereva wa kreni ya pili alipokuwa akifanya mzaha kwenye simu. Yeslam, juu ya kreni yake, aliona kontena likimwangukia, na kushuka kulimchukua dakika nne. Mona aliweka sinia mezani, akamwambia nduguye akanawe. Wali uliliwa, na Zaid akaondoka kabla ya chai.

Gemu Yeslam hakuliacha. Kila asubuhi baada ya kunywa chai huwasha feni zake na kulitukana mpaka adhuhuri. Anashusha kontena taratibu, na kila mara likibakia pima moja juu ya lori hulisimamisha, akangoja kama vile mtu anatoka. Gemu halipendi kungojewa. Mwisho wa zamu humpa nyota moja kati ya tano, na maandishi kwamba ajitahidi kuongeza kasi.

"Mpumbavu," Yeslam huiambia televisheni, akaanza zamu nyingine.