Mota Iliyoitwa Chiriku

Mama Mizani alianza kumjua Fundi Mluzi kwa kumkuta na kosa, na hivyo ndivyo alivyopenda kujuana na watu wa kufanya nao biashara.

Alifika kwenye jengo la zamani la simu Jumatatu asubuhi, mizani yake ya kuning'iniza begani na orodha ya zabuni mkononi. Alikuwa ameshinda zabuni ya vyuma chakavu: ukumbi wa chini "na vyote vilivyomo", kwa sharti kwamba Ijumaa saa kumi jioni uwe mtupu. Vilivyomo vilikuwa mota nane za feni, kila moja ukubwa wa pipa la maji, zilizokuwa zikipoza mitambo tangu zama ambazo simu ilikuwa kitu cha kukaa mezani. Tumbo la kila mota lilijaa nyaya za shaba. Shaba ndiyo aliyoijia. Chuma chenyewe angemtupia yeyote aliyekitaka.

Alihesabu mota saba.

Akahesabu tena, safari hii kuanzia mlangoni. Saba. Mahali pa nane palikuwa na matundu manne ya boliti kwenye zege. Orodha ilikuwa na namba, na pembeni ya kila namba jina: Kifaru, Mnara, Njiwa, Pipa, Sukari, Kamba, Chiriku, Mluzi. Majina hayohayo yalipakwa rangi nyeupe ubavuni mwa mota, isipokuwa hilo la mwisho, ambalo halikuonekana popote. Mota sita zilikuwa kimya, zimeota vumbi. Ile ya saba, Chiriku, ilikuwa inazunguka, ingawa haikuwa imebakiwa na kitu cha kupoza.

"Mluzi yuko wapi?" akamuuliza mzee aliyekaa kwenye kigoda kando ya ile inayozunguka.

"Ndiye mimi."

"Simuulizi mtu, mzee wangu. Naulizia mota."

Mzee akafuta vidole kwa kitambaa cha mafuta, kimoja kimoja. "Iko nyumbani kwangu," akasema. "Barazani. Inazunguka."

Mama Mizani hakupandisha sauti. Mtu akikukabidhi kosa lake mwenyewe, ya nini kumgombeza? Unalitia mfukoni, unangoja siku ya bei. Akageuza ndoo, akaketi, akamwomba amsimulie kuhusu mota.

Habari akaipata vipande vipande, siku ile na ya pili yake, huku vibarua wakifungua boliti. Fundi aliingia kazini akiwa na miaka ishirini, kubeba makopo ya grisi. Wakati ule kampuni ilikuwa na kwaya ya wafanyakazi, na ukumbi ulikuwa na mota nane. Mafundi walichoka kuita namba. Kwa kuwa kila mota ilivuma kivyake, nyingine nene, nyingine nyembamba, wakaipa kila moja jina la utani la mwanakwaya mwenye sauti inayofanana nayo. Kifaru alikuwa besi, na mota yake ilitikisa vikombe vya chai ghorofa ya juu. Chiriku alikuwa opareta, sauti ya kwanza, dada mkubwa wa Fundi, mwanamke asiyenyamaza. Fundi mwenyewe hakujua kuimba. Kazi yake kwayani ilikuwa kupiga mluzi kuwapa wenzake sauti ya kuanzia, na mota ndogo kuliko zote, yenye mlio wa aina hiyo, ikabeba jina lake.

Yalitokea ya kuchekesha. Karani mmoja alimlipa Pipa posho ya kazi ya ziada kwa wiki nzima ambayo Pipa mtu alikuwa likizo. Aliyefanya kazi saa zote zile alikuwa Pipa mota. Kwenye kitabu cha zamu waliandika, "Sukari anakohoa, asafishwe tumbo," na Sukari mwenye mwili wake alipokisoma alinuna siku tatu.

Kisha kampuni ikaanza kupunguza mitambo, na mota zikazimwa moja baada ya nyingine. Kitabu kilikuwepo bado. Mama Mizani alikisoma kwa jicho lilelile analosomea risiti za watu. *Kifaru, amezimwa saa tatu asubuhi.* Mstari wa chini yake, mwandiko uleule, siku ileile: *Kifaru, amezimika saa tatu na nusu, nyumbani kwake.* Mnara vivyo hivyo. Njiwa vivyo hivyo. Pipa ilichelewa siku mbili kwa sababu swichi iligoma. Mstari wa chini yake nao ulichelewa siku mbili. Kulikuwa na jozi sita.

"Nani aliandika?"

"Mimi."

"Basi uliandika ulivyotaka."

"Kitabu ni changu, mama," Fundi akasema. "Makaburi si yangu."

Kwa hiyo, alipoambiwa kwamba Mluzi nayo izimwe, aliibeba kwa mkokoteni akiwa ameiunganisha na betri, akaifungia umeme barazani kwake. Iliyobaki ilikuwa Chiriku. Hiyo asingeweza kuibeba; ilikuwa nzito mno, na Ijumaa umeme wa jengo ungekatwa. Dada yake alikuwa mzima, anakula kidogo, analala vizuri, na Fundi aliamini kwamba Ijumaa hiyo angemzika.

Mama Mizani alisikia huruma kiasi, kisha akakumbuka kwamba wazee wanakufa na mota zinazeeka, na vyote hivyo hutokea bila kuandikiana barua.

Jumatano mchana dada mtu akaja, mwembamba, mfuko wa ushonaji mkononi. Akaketi kando ya mota kwa namna mtu anavyoketi jikoni kwake, akatunga uzi kwenye sindano, akaanza kumsimulia mgeni enzi za uopareta, jinsi alivyojua ndoa za watu kwa kusikia tu wanavyoomba laini. Alikuwa mcheshi kwelikweli. Kitu kimoja tu kilisumbua masikio: sauti yake ilikuwa ileile ya mota, juu, nyembamba, isiyopanda wala kushuka.

"Basi bwana yule ananiambia, dada, niunganishie—"

Umeme ukapungua. Taa zikafifia zikawa za manjano, mota ikalegea, mlio wake ukashuka, na sauti ya yule mama ikashuka nao, neno la mwisho likivutika kama kaseti inayoishiwa betri, mpaka likakoma. Sindano ilikuwa hewani. Macho yalikuwa wazi, lakini hayakuwa yakimtazama mtu. Fundi hakuinuka. Alikuwa anahesabu kwa vidole, na alifika cha tisa.

Umeme ukarudi. Mota ikapanda.

"—nyumbani kwangu, lakini mke wangu asijue ni mimi," Chiriku akamalizia, akacheka, akaendelea kushona.

Hakujua kwamba alisimama. Mama Mizani naye alicheka, kwa adabu, na akaificha mikono yake kwapani kwa sababu ilikuwa imepata baridi.

Njiani akajipa maelezo. Mtu ameishi na mlio mmoja miaka arobaini, mlio umemwingia mwilini, ndiyo hayo tu. Maelezo yakakaa vizuri. Alhamisi asubuhi akarudi kukata maneno.

Fundi ndiye aliyeanza. Aliomba Chiriku ihamishwe bila kusimama: jenereta iwekwe juu ya lori, iunganishwe kabla ya umeme wa jengo kukatwa. Mama Mizani akamwambia jenereta ya kukodi itakula shaba ya mota mbili nzima. Fundi akasema chini ya sakafu mna mikanda ya shaba, upana wa kiganja, inazunguka ukumbi wote, na ni yeye peke yake anayejua vigae vya kuinua.

"'Vyote vilivyomo'," Mama Mizani akamkumbusha. "Ni yangu tayari."

"Ni yako. Vunja sakafu yote uitafute. Leo Alhamisi."

Hapo alimheshimu. Akatoa alichokuwa nacho mfukoni tangu Jumatatu: angesaini kwamba amepokea mota nane, na ile ya barazani ingekuwa haijawahi kuulizwa na mtu. Yeye Fundi amwonyeshe mikanda. Na kuhusu Chiriku, wasisumbuane na majenereta. "Futa jina," akasema. "Rangi si unayo?"

Jina hubadilishwa, Fundi akasema, hata Kamba aliwahi kupokea mota ya mtu aliyehama. Ila mwenye jina jipya lazima akubali kwa mdomo wake na alipake kwa mkono wake, mota ikiwa inazunguka. Alishawauliza watu wote wa jengo mpaka mlinzi wa getini. Kila mmoja alikuwa na udhuru.

Mama Mizani akacheka. Maisha yake yote ya kununua na kuuza hakuwahi kuombwa alipe kwa kitu kisicho na uzito. "Langu lichukue," akasema.

Akapaka mwenyewe, herufi kubwa, akifunika zile za zamani. Chiriku alikuwa amekaa palepale na kushona kwake. Brashi ilipofunika herufi ya mwisho, yule mama akainua uso.

"Nina njaa," akasema.

Ilikuwa sauti nene, yenye mikwaruzo, ambayo hakuna aliyewahi kuisikia ikitoka kwake. Fundi akaziba mdomo kwa kitambaa cha mafuta. Dada yake akakunja kazi yake, akatoka nje kwa miguu ya haraka, wala hakuiangalia mota.

Ijumaa saa nane mikanda ilikuwa ndani ya lori, mota sita juu yake. Ikabaki ile moja.

"Zima," Mama Mizani akamwambia Fundi.

"Si ya kwetu tena, mama. Zima wewe."

Akashika mkono wa swichi. Mlio ulikuwa ndani ya magego yake. Ili asiusikilize, akajaribu kujumlisha kilo za mota sita alizozipima kwa mikono yake mwenyewe, na kwa mara ya kwanza tangu aanze biashara, hesabu haikuja. Alisimama hivyo mpaka vibarua wakaanza kutazamana. Kisha akauachia ule mkono, akatoa simu, akauliza jenereta ya kukodi ni bei gani, na hakuomba apunguziwe.

Fundi Mluzi alipata alichokitaka: mota yake imetoka kwenye orodha ya dunia, na dada yake amenenepa na amekuwa mkimya. Kila Jumamosi anakwenda ghalani kwa Mama Mizani na kopo la grisi, na hadai ujira. Mama Mizani aliuza mikanda na zile sita kwa faida nzuri. Ile nyingine imefungwa kwa boliti nne katikati ya ghala. Wateja wakiuliza, huwaambia inaleta hewa. Wakitaka kuinunua, huwaambia bei ya shaba itapanda, anangoja. Imepanda mara mbili, naye anangoja bado.

Anapima haraka, na hapunji wala hapunjiki. Ila umeme ukipungua, wateja wamezoea kusimama kimya na magunia yao mbele ya mizani, huku yeye ameshikilia jiwe la uzani hewani, katikati ya neno, mpaka taa ziwake na alimalizie.