Mjomba Aliandikishwa Chotara

Mjomba wangu alikamua ng'ombe miaka kumi na tisa katika shamba moja la maziwa. Yeye na mama yangu walichangia mama tu, si baba. Baba yake alikuwa fundi mgeni kutoka ng'ambo, aliyeondoka kabla mtoto hajaota meno. Sura ya mjomba ilisema yote hayo kabla hajafungua mdomo, ndiyo maana kule shambani wakamwita Chotara.

Kwa ng'ombe neno hilo ni sifa. Daktari wa mifugo akisema huyu ni chotara, bei inapanda, maana ni mbegu mbili na maziwa ni mengi. Kwa mtu ni kumwambia hana kwao. Mama hakutaka kulisikia nyumbani. Mjomba yeye alikuwa anacheka tu.

"Dada, waache. Mimi na ng'ombe tuko cheo kimoja, ila wao wakiumwa wanaitiwa daktari siku hiyohiyo."

Jumatatu asubuhi ng'ombe akampiga teke la tumbo, mjomba akazimia. Dereva wa gari la maziwa, rafiki yake wa kunywa naye chai, akampakia katikati ya madebe akamkimbiza hospitali. Karani akauliza jina la mgonjwa.

"Chotara."

"Chotara nani?"

"Andika hivyohivyo, bosi. Anajulikana."

Hayo tuliyajua baadaye. Sisi tuliambiwa jioni na mtu wa shambani kwamba mjomba yuko hospitali, basi. Mama alisimama dirishani kwa karani akataja jina la mjomba pamoja na la babu yake mzaa mama, aliyempa la kwake ili naye awe na kwao. Karani akapitisha kidole kwenye daftari.

"Hayupo, mama. Jaribuni hospitali ile nyingine."

Tukaenda, hayupo. Jumanne tukarudi. Karani yuleyule, kidole kilekile.

Mimi niliishia darasa la nne na mbele za watu huwa siongei, lakini kusoma najua, hata maandishi yakiwa kichwa chini. Jumatano daftari lilikuwa wazi nikaliona lile neno. Nikamvuta mama mkono.

"Mama, muulizie Chotara."

Alinikazia macho mpaka nikaangalia sakafu. Kisha akainama dirishani akalitoa, kama mtu anayetema jino.

"Aaa, yule! Mbona hamkusema tangu juzi? Wodi ya wanaume, kitanda cha mwisho. Daktari anasubiri ndugu atie sahihi apasuliwe."

Tumbo la mjomba lilikuwa limevimba, midomo imepauka. Alimtambua mama.

"Nilidhani umenichoka, dada."

"Nyamaza wewe, usije ukapasuka," mama akasema, akachukua kalamu.

Alitia sahihi saa nne. Saa nane daktari akatoka. Alisema damu ilishavuja ndani siku mbili nzima, na kama wangempasua Jumatatu, mjomba angepona.

Kesho yake dereva alikuja nyumbani, kofia mkononi. Akatusimulia mwenyewe alivyomwandikisha, bila kujipunguzia chochote. Halafu akauliza, "Samahani, dada. Kwani hasa aliitwa nani?"

Mama akamtajia. Dereva akalirudia, akakosea, akaomba atajiwe tena.

Mama akafunga mlango. Kupitia uwazi wa chini niliviona viatu vya dereva bado vimesimama pale nje, na nilimsikia akijaribu kulitamka lile jina peke yake.