Koti la Everett

Everett Haskins aligawa barua katika mji wetu wa New Jersey maisha yake yote, lakini barua hazikumkaa moyoni hata siku moja. Kilichomkaa ni vile vita vya zamani vya Wamarekani kumfukuza Mfalme wa Uingereza. Kila Juni, yeye na wenzake walivaa kama askari wa enzi hizo, wakabeba bunduki za baruti na kwenda kwenye shamba la nje ya mji kupigana upya vita vilivyokwisha zamani. Mimi, jirani yake Everett, niliwapikia maharage na nyama ya nguruwe huku nikiwacheka. Wanaume wazima, wenye vitambi, wanagombania vifungo vya makoti!

Kikosi kilikuwa na sheria isiyo na huruma: vazi lishonwe kwa mkono, maana zama hizo cherehani haikuwapo. Everett mwenyewe aliinyooshea mkono ilipopigiwa kura.

Kisha mapafu yakaharibika. Daktari akamwambia hatafika Krismasi. Alikonda hadi koti lake la zamani likawa linamning'inia.

"Lorna," akamwambia mkewe, "nataka nisimame na wenzangu mara moja tu, ya mwisho."

Lorna akanunua kitambaa cha sufu cha buluu, akaanza koti jipya. Lakini ana baridi yabisi, na vidole vikagoma kazi katikati. Mishono ya ubavuni akaipitisha kwenye cherehani. Nikamwambia asijali, nani atachungulia huko ndani?

Asubuhi ya vita vyao vya Juni, Dwight Penrose, daktari wa meno na kapteni wa kikosi, akawakagua. Alipofika kwa Everett, akalifunua koti.

"Everett, hii ni cherehani."

"Naona."

"Sheria unaijua, kaka."

"Naijua. Niliipigania kuliko nyinyi wote."

"Dwight, una wazimu?" nikamfokea, mwiko mkononi. "Mtu anakufa huyu, wewe unakagua nyuzi!"

"Nikimruhusu yeye, kesho mwingine atakuja na raba miguuni."

"Basi, jirani," Everett akaniambia. "Mwache."

Akaenda kuketi na watazamaji, koti amelikunja mapajani. Ngoma za kikosi zilipoanza kulia, akalia waziwazi. Lorna alimshika mkono. Mimi nilikasirika, na hasira hiyo ninayo hadi leo.

Everett alifariki Septemba. Kikosi kizima kikaja kanisani na sare zao. Alikuwa amelazwa katika jeneza akiwa amevaa lile koti. Dwight akainama kumuaga, na kwa mazoea yake, macho yakateremka ubavuni mwa koti. Lorna akamwona. Akasogea, akaufunua ukingo wa koti.

"Usichungulie, Dwight, tazama vizuri. Nimefumua yote nikashona upya kwa mkono, hospitalini, nimekaa pembeni ya kitanda chake."

Mishono ilikwenda upande, mingine mikubwa, mingine midogo. Vidole vyake vilikuwa bado vimevimba.

"Sasa anaruhusiwa?" akauliza.

Dwight akavua kofia.

"Anaruhusiwa, Lorna."

"Kwenda wapi sasa, Dwight?"